TIKITI MAJI KATIKA BARIDI YA LIMURU

Nina jambo moja la kuwapasulia. Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Pili, wengi wenu mliniona nikikaa nje ya bwalo saa ya chakula cha mchana huku nikila viazi baridi kutoka kwenye mkebe. Wengine walidhani nimeanza maringo. Wengine wakasema ati ninafunga. La hasha! Ukweli ni kwamba pesa zangu za chakula nilikuwa nimezila tayari. Sikuzila kwa mandazi wala kwa soda. Nilizila kwa matikiti maji.

Hebu nieleze. Nyumbani kwetu, kama ilivyo kwa wengi wetu hapa Limuru, shamba ni dogo. Mama hupanda viazi, kabeji na sukuma wiki, na pesa za sukuma ndizo zinazonilipia chakula hapa shuleni. Tena Mama huuza matunda sokoni. Katika matunda yote, tikiti ndilo linalomtoa jasho. Huja kwa malori kutoka sehemu za joto kama Makueni na Loitokitok, na kila mkono linapopitia, bei inapanda. Likimfikia Mama limeshakuwa ghali, naye akilikata vipande na visipouzwa siku hiyo hiyo, basi hasara ni yake.

Siku moja nikamwambia, "Mama, mbona tusipande yetu?" Mama alicheka hadi akaweka kisu chini. Akasema, "Tikiti ni la watu wa joto, mwanangu. Hapa tutavuna umande."

Lakini mimi, si mnanijua, ni mbishi. Nilimsumbua mpaka akanipa mistari miwili ya sukuma ning'oe nipande matikiti. Alinipa kwa shingo upande, na kwa sharti moja: chakula changu cha muhula ule kitoke kwenye mistari hiyo. Nilikubali mara moja. Wahenga waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, guu walilolisema lilikuwa langu.

Katika makala haya nitaeleza kwa nini nilishindwa mara ya kwanza, na jinsi nilivyofaulu mara ya pili. Mkishika neno moja tu, shikeni hili: tikiti halihesabu siku, linahesabu joto.

TIKITI NI LA NANI?

Kwanza, tusilichanganye tikiti na tiketi. Tiketi ni ya basi na tikiti ni la kuliwa, na mwalimu wetu wa Kiswahili hutoa alama ukichanganya. Katika sarufi, tikiti liko katika ngeli ya LI-YA: tikiti limeiva, matikiti yameiva.

Wengi tunadhani kwamba tunda hili lililetwa na Wazungu. Sivyo. Tikiti maji ni mzaliwa wa Afrika. Mwaka wa 1922 kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa kule Misri, miongoni mwa vitu vilivyokuwamo zilikuwa mbegu za tikiti. Mfalme huyo alizikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita! Mnamo mwaka wa 2021 wataalamu waliopima chembe za urithi za matikiti walitangaza kwamba jamaa wa karibu zaidi wa tikiti tunalokula ni tikiti la Kordofan, nchini Sudan. Kwa hivyo tikiti ni jirani yetu, ila ni jirani aliyezoea jua kali na mchanga wenye joto. Sisi Limuru tuko kiasi cha mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu Julai ukungu hushuka asubuhi hadi humwoni mwenzako mnayekwenda naye shule. Jirani huyu akija kwetu lazima atetemeke.

KWA NINI BARIDI HULISHINDA

Pakiti ya mbegu niliyonunua ilisema tikiti huiva baada ya siku 75 hadi 80. Mimi nikachukua kalenda, nikahesabu siku 80, nikatia alama ya duara. Kumbe hizo ni siku za mahali penye joto! Mwalimu wetu wa kilimo ndiye aliyenifumbua macho baadaye. Alinichorea hesabu ubaoni, nami naileta hapa kama nilivyoielewa.

Joto likishuka hadi nyuzi 12 hivi za selsiasi, mmea wa tikiti karibu unasimama kukua. Haufi, lakini haufanyi kazi. Kwa hivyo joto linalousaidia ni lile lililo juu ya 12. Sasa tuseme mahali fulani wastani wa joto mchana na usiku ni nyuzi 24. Ukitoa 12, mmea unaweka akiba ya nyuzi 12 kila siku. Kwa siku 80 akiba hiyo inafika 960. Hapo tunda linaiva.

Haya, njoo sasa mahali ambapo wastani ni nyuzi 17. Ukitoa 12, akiba ya siku moja ni nyuzi 5 peke yake. Gawanya 960 kwa 5. Unapata siku 192! Hiyo ni zaidi ya miezi sita. Kabla ya miezi hiyo kwisha, mvua itakuwa imenyesha, ukungu umekuja na majani yameoza. Mnaona? Tarehe niliyoitia duara kwenye kalenda haikuwa na maana yoyote.

Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana mmea si mashine. Lakini inatuonyesha kazi yetu ni ipi. Mkulima wa mahali pa baridi anayetaka tikiti ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuchagua tikiti lisilodai akiba kubwa. Ya pili ni kuliongezea joto kila siku, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

KOSA LANGU LA KWANZA

Mara ya kwanza nilipanda Aprili, masika yalipoanza, kwa sababu watu wote hupanda wakati huo. Nilizika mbegu 20 moja kwa moja ardhini. Mbegu za tikiti hupenda udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Udongo wetu wakati wa mvua ni baridi kama maji ya mtoni. Nilingoja wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili nikafukua moja, nikakuta imekuwa uji. Zilizoota zilikuwa 6.

Hizo 6 zilitambaa polepole. Juni zikatoa maua ya manjano, nami nikaanza kujigamba kwa majirani. Vitunda vikatokea, vidogo kama yai la njiwa. Kisha vikageuka manjano, kimoja baada ya kingine, vikaanguka. Julai ilipoingia na baridi yake, majani yalivaa unga mweupe wa ukungu yakakauka. Nilivuna sufuri.

Mama hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alinifungia viazi kwenye mkebe kila asubuhi, akasema, "Haya, nenda ukasome." Mkebe ule ndio mliouona.

NYANYA NA MOTO WAKE

Ningeacha hapo kama si nyanya yangu. (Namaanisha mama yake mama, si nyanya ya kupikia!) Jioni moja nilikuwa nimeketi kwake jikoni nikilalamika kuhusu mbegu zilizooza. Akaniuliza, "Mgeni akikujia usiku akitetemeka, utamweka wapi?"

Nikamjibu, "Karibu na moto, Cucu."

Akasema, "Na wewe mgeni wako ulimweka wapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimemlaza nje kwenye matope.

Kuanzia hapo nilianza upya. Nilimwendea mwalimu wa kilimo, nikauliza maswali hadi nikamchosha. Likizo ya Agosti nilichuma majani chai kwa jirani nikapata pesa za kununua mbegu na nailoni. Zote pamoja ziligharimu shilingi 1,150. Safari hii sikuomba sukuma ya mtu. Nilichagua kipande kilichokaa bure nyuma ya nyumba, upande wa kusini wa ukuta wetu wa mawe. Hatua nilizofuata ni hizi.

1. Kuchagua mbegu

Kuna matikiti makubwa ya kilo 10 na zaidi, kama Charleston Gray. Hayo waachieni watu wa joto. Tunda kubwa linadai siku nyingi. Nilichagua aina inayoitwa Sugar Baby, ambayo ilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1950 na ambayo hata hapa kwetu hupatikana katika maduka ya pembejeo. Tunda lake ni duara, dogo, la kijani kibichi kilichokolea, na mahali pa joto hufika kilo 3 hadi 5. Ni miongoni mwa aina zinazowahi kuiva. Hata wakulima wa nchi za baridi za Ulaya huipanda. Wao adui yao ni kiangazi kifupi, lakini siku zao za kiangazi zina mwanga wa saa 16 na zaidi. Sisi mwanga wetu ni saa 12 mwaka mzima, na adui yetu ni usiku.

2. Kuchagua mwezi

Hapa kwetu miezi yenye jua ni Januari, Februari na Machi. Kwa hivyo miche iwe tayari Januari inapoanza. Nilianza kuotesha tarehe 10 Desemba. Jambo lingine ni kwamba Januari jua hupita likiegemea kusini. Ndiyo sababu nilipanda upande wa kusini wa ukuta: mawe yanapigwa na jua mchana kutwa, na jioni ukiyagusa bado yana uvuguvugu.

3. Kuotesha mbegu karibu na moto

Nilifunga mbegu 15 katika kitambaa chenye unyevu, nikakiweka ndani ya mkebe (ndiyo, mkebe ule ule wa viazi), nikauweka kwenye kona ya jikoni kwa nyanya, mahali ambapo mkono unahisi uvuguvugu lakini hauungui. Siku ya nne mbegu 12 zilikuwa zimetoa ncha nyeupe. Linganisheni na zile wiki mbili za matope!

Kila mbegu iliyochipuka niliipanda katika pakiti tupu ya maziwa niliyoijaza udongo na samadi iliyooza, na kutoboa matundu chini. Usizipande kitaluni uje uzing'oe kama sukuma. Mizizi ya tikiti haipendi kuguswa. Ukiikata, mche unanuna wiki nzima. Pakiti unaipasua tu kwa wembe siku ya kupanda na kuutoa mche na udongo wake wote.

Mchana nilitoa pakiti nje juani, usiku nikazirudisha jikoni. Wiki ya mwisho niliziacha nje muda mrefu zaidi kila siku ili zizoee. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

4. Kupasha udongo moto

Mmewahi kuona lundo la samadi asubuhi ya Julai likifuka kama chungu? Ule si moshi, ni mvuke. Vijidudu vinavyoozesha samadi mbichi hutoa joto. Nilichimba mashimo yenye kina cha nusu mita, nikaweka samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na nyasi hadi kufika kama futi moja, nikaikanyaga, kisha nikafunika kwa udongo mzuri wenye samadi kuukuu. Mizizi michanga inakaa kwenye udongo wa juu na haigusi samadi mbichi, maana itaiunguza. Joto lile hudumu wiki kadhaa, na hizo ndizo wiki ambazo mche unahitaji kusaidiwa.

Juu ya udongo nilitandika nailoni nyeusi. Rangi nyeusi hufyonza joto la jua, na pia huzuia magugu na kutunza unyevu. Nilikata matundu ya duara, umbali wa mita moja kutoka tundu hadi tundu. Tarehe 5 Januari nikapanda miche 10. Mmoja ulikatwa shingo na kiwavi usiku wa pili. Ikabaki 9.

5. Kupigana na usiku

Januari mchana kuna jua zuri, lakini usiku anga haina mawingu na joto lote la ardhi linapanda juu na kupotea. Asubuhi saa kumi na mbili kipimajoto nilichoazimwa na mwalimu kilisoma nyuzi 10. Hiyo ni chini ya zile 12 zetu, kwa hivyo usiku mmea unalala njaa.

Nilipinda fito za mianzi kama matao, nikafunika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, nikashikilia kingo kwa mawe. Ndani, kati ya mmea na mmea, niliweka mitungi ya lita 20 iliyojaa maji, nikaipaka masizi ya jikoni iwe myeusi. Hapa ndipo fizikia yetu ya Kidato cha Tatu inaposaidia. Kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 ili ipande joto kwa nyuzi moja, na inapopoa inazirudisha zote. Mtungi mmoja wa lita 20 ukipoa kwa nyuzi 10 usiku, unatoa 20 × 4,200 × 10, yaani jouli 840,000. Mawe ya uzito uo huo yangetoa kama moja kwa tano tu ya hizo. Kwa hivyo mtungi wa maji ni jiko lisilotumia makaa.

Kipimajoto kilipokuwa kinasoma 10 nje, ndani kilisoma 14. Nyuzi 4 pekee! Lakini kumbukeni hesabu yetu. Nje mmea umelala njaa, ndani unaweka akiba hata usiku.

Tahadhari: saa sita mchana ndani kulifika nyuzi 36. Ukisahau kufunua, utapika miche. Nyanya ndiye aliyekuwa akifunua kila asubuhi nikiwa shuleni, nami nafunika nikirudi jioni. Bila yeye, singekuwa na makala ya kuandika.

6. Kazi ya nyuki

Hapa ndipo nilipojua kwa nini vitunda vyangu vya kwanza vilianguka. Mtikiti una maua ya kiume na ya kike, mbalimbali. La kike utalitambua kwa kitikiti kidogo kilicho nyuma yake. Kila ua hufunguka siku moja tu, asubuhi, kisha hufunga. Nyuki lazima apeleke chavua kutoka kwa ua la kiume hadi la kike siku hiyo. Lakini nyuki naye hapendi baridi wala mvua, hukaa mzingani. Juni nilikuwa na maua bila nyuki.

Basi nyuki nikawa mimi. Niliamka mapema, nikangoja maua yafunguke, nikachuma ua la kiume, nikaondoa petali zake, na kupakaza unga wake wa manjano katikati ya ua la kike, taratibu, pande zote. Siku za shule nilichelewa gwaride mara mbili kwa sababu ya ukungu, maana ua halifunguki mapema kukiwa na baridi. Mwalimu wa zamu aliponiuliza sababu nikamwambia nilikuwa nikifanya kazi ya nyuki, aliniangalia sana.

Baada ya vitunda kushika, niliacha viwili tu kwa kila mmea, vingine nikavitoa. Inauma, lakini mmea wenye akiba ndogo hauwezi kusomesha watoto kumi.

7. Maji

Mwagilia shinani, usimwagie majani, kwa sababu majani yenye maji na baridi ndiyo yanayokaribisha ukungu. Maji nayo yasiwe ya moja kwa moja kutoka kisimani. Yaweke juani kwanza. Tunda likikaribia kuiva, punguza maji ili utamu usizimuliwe.

8. Kujua limeiva

Tikiti likishachumwa haliivi tena kama ndizi au parachichi. Ukikosea, umekosea. Ndugu yangu mdogo alikosea kwa niaba yetu sote. Katikati ya Machi alikata moja kwa siri. Ndani lilikuwa la waridi hafifu, halina ladha, naye akalifukia nyuma ya choo. Kuku ndio waliomsaliti.

Dalili ni hizi. Ule ujitambazi uliojikunja karibu na kikonyo cha tunda hukauka na kuwa wa kahawia. Sehemu iliyolalia ardhi hugeuka kutoka nyeupe kuwa manjano ya siagi. Ngozi hupoteza mng'ao, ikawa kama imepakwa vumbi. Na ukiligonga kwa kidole, linalia kwa sauti nzito, si sauti kali. Usitegemee dalili moja. Ngoja zipatane angalau tatu.

MAVUNO

Tikiti la kwanza nililipakaza chavua tarehe 9 Februari. Nililichuma tarehe 2 Aprili. Hizo ni siku 52. Tangu kuotesha mbegu ni siku 113. Si 80 za pakiti, lakini pia si 192 za hesabu ya baridi. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya nailoni, mitungi, ukuta, samadi na nyanya yangu.

Kwa jumla nilipata matikiti 13 kutoka kwa mimea 9. Hayakuwa makubwa. Mengi yalikuwa kilo moja na nusu hadi 2, na kubwa kabisa lilikuwa kilo 2.4 kwenye mizani ya duka. Moja alilifukia ndugu yangu, moja nikampa nyanya, moja mwalimu wa kilimo, moja tukalikata nyumbani. Yaliyobaki 9 Mama aliyauza vipande sokoni, akapata shilingi 1,800.

Sasa tusidanganyane. Ukitoa gharama zangu, faida ni shilingi 650. Hizo hazilipi chakula cha muhula, na Mama alilazimika kujazia. Nailoni itatumika tena msimu ujao ikitunzwa, kwa hivyo faida itaongezeka kidogo. Lakini simshauri mtu yeyote hapa kung'oa viazi au sukuma apande matikiti. Mimi nilifanya hivyo nikala viazi baridi muhula mzima. Panda kwenye kona iliyokaa bure, karibu na ukuta, mimea michache unayoweza kuitunza kwa mkono. Kiazi kinajua kuishi na baridi. Tikiti ni mgeni, na wageni wengi huwezi kuwaweka wote karibu na moto.

Lakini kuna jambo ambalo mizani haikulipima. Jioni ile tulipolikata tikiti letu nyumbani, Mama ndiye aliyeshika kisu. Kisu kilipoingia tu, tikiti lilipasuka lenyewe, prrr! Ndani lilikuwa jekundu hadi karibu na ganda. Mama alikula kipande chake kimya, akatema mbegu mkononi mwake badala ya kuzitupa. Akazihesabu. Kisha akazifunga kwenye kona ya leso, akaniambia, "Desemba utanionyesha pale jikoni kwa nyanya zinawekwa wapi."

Hakusema neno kuhusu umande, nami sikumkumbusha.

Wenzangu, kwa hayo machache naomba nikomee hapa. Mwenye swali anitafute saa ya chakula cha mchana. Siku hizi niko ndani ya bwalo.

Wasalaam,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.